Hizi benki za kijani zinafanya nini hasa? Tuangalie kutoka huku Lamu

Siku hizi kila benki ni ya kijani. Ukifungua ripoti yao ya mwaka utaona mameneja wamevaa fulana mpya wanapanda mikoko, matope mpaka magotini, wanacheka, na chini imeandikwa benki yetu inajali mazingira. Mimi sina neno na mikoko, sisi Lamu ndo tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, anayetaka kuja kupanda karibu, japo ni vizuri aulize kwanza wapi maana kuna sehemu mikoko ukiiacha tu inajiotea yenyewe. Lakini hiyo picha haikwambii chochote kuhusu benki.

Tuanze na kazi ya benki yenyewe. Benki inachukua akiba za watu, mshahara wa mwalimu, mauzo ya duka la Langoni, pesa za chama cha kina mama, inazikusanya halafu inamkopesha mwenye mradi, na huyo mwenye mradi ndo anayekata miti, anayechimba, anayejenga, anayemwaga maji machafu baharini au asimwage. Kwa hivyo ukitaka kujua benki inachafua kiasi gani usihesabu karatasi wanazoprinti wala stima ya ofisi zao, hiyo ni kidogo sana, hesabu nani kapewa loni, ya kufanya nini, kwa masharti gani. Hapo ndo penye mambo. Zilizobaki, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na sisi huku hatuhitaji mfano wa mbali. Mnaukumbuka mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa stima wa megawati 1,050, gharama dola bilioni 2 hivi, na makaa yenyewe kwa kuanzia yatolewe Afrika Kusini yaletwe kwa meli, katika nchi ambayo stima yake nyingi inatoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Kikundi cha wenyeji cha Save Lamu na wenzao wakaenda kwenye mahakama maalum ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakikana. Hiyo sehemu ya korti kila mtu anaijua, wazee wa Mkunguni watakusimulia mpaka rangi ya tai ya wakili. Sehemu ya pesa ndo haisimuliwi.

Mradi wa ukubwa ule kampuni haitoi pesa zote mfukoni mwake. Inaweka fungu dogo na lililobaki ni mkopo, na mkopo mkubwa kama huo haupatikani mpaka kuwe na mtu wa kumdhamini. Hapa benki ya ICBC ya China ndo ilikuwa ibebe mzigo mkubwa wa mkopo. Benki ya Maendeleo ya Afrika yenyewe iliombwa dhamana, yaani wakopeshaji wawe na uhakika kwamba upande wa serikali ukikwama kulipa wao hawaanguki. Sasa angalia mfuatano. Septemba 2019 rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Akinwumi Adesina, alisimama Umoja wa Mataifa akasema benki yake inatoka kwenye makaa ya mawe, na Novemba mwaka huo huo benki ikasema haina mpango wa kuupa pesa mradi wa Lamu. 2020 ICBC nayo ikajitoa. Mwaka huo huo General Electric ya Marekani, iliyokuwa imepanga kununua hisa kwenye mradi na kuleta mitambo, ikatangaza haitajenga tena mitambo mipya ya makaa. 2021 Xi Jinping akatangaza Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Oktoba 2025 korti ya mazingira na ardhi hapa Malindi ikatupa rufaa ya kampuni, leseni ikabaki imefutwa, lakini wakati huo pesa ilikuwa ishakimbia zamani.

Maoni yangu, na najua kuna wenzangu hawatakubali, ni kwamba korti ilifunga mlango lakini wakopeshaji ndo waliochukua ufunguo wakaenda nao. Leseni inaweza kuombwa upya. Serikali inaweza kubadilika, sheria inaweza kurekebishwa, kampuni inaweza kuja na ripoti mpya ya kurasa elfu. Lakini mkopeshaji akishasema hapana hakuna jiwe la msingi litakalowekwa. Ingawa pia tuseme ukweli wote, bila wale watu wa Lamu kwenda kortini na kupiga kelele miaka yote hiyo, benki zisingeshtuka.

Sasa walikimbia kwa nini, ni huruma na kasa wetu? La. Benki haina huruma, ina woga, na huo woga ukiuelewa umeelewa somo zima.

Woga wa kwanza ni kwamba mradi utageuka mzigo kabla deni halijaisha. Mtambo wa makaa mkopo wake unalipwa miaka mingi, na mkataba wa kuuzia Kenya Power stima ulikuwa wa miaka 25. Miaka 25 ni mingi mno, sola na betri zinashuka bei, nchi zinaanza kutoza kodi ya moshi, wanunuzi wanakataa stima ya makaa, na benki inajikuta imeshika dhamana ya chuma ambacho hakuna anayekitaka. Woga wa pili ni hali ya hewa yenyewe, bahari kupanda, mafuriko, ukame, vitu vinavyoweza kuzamisha au kukausha kile ulichokopeshea. Na wa tatu ni kesi.

Huo wa tatu tuuangalie kwa karibu maana huku umetokea. Bandari ya Lamu ilipochimbwa kule Manda Bay, meli za kuchimba zilichafua maji, zikavuruga matumbawe na mikoko na njia za wavuvi kupita, na hakuna aliyewapigia hesabu wavuvi. 2018 mahakama kuu ya Malindi ikaamua wavuvi 4,600 hivi walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilikuja kufunguliwa Mei 2021, yaani bili ya wavuvi ilifika kabla ya meli ya kwanza ya biashara. Mradi ule ulikuwa wa serikali, lakini mtu wa benki yeyote mwenye akili akiisoma hukumu hiyo anajua kwamba uharibifu unaoachwa nje ya bajeti haupotei, unarudi baadaye na wakili, na unaanza kuila ile pesa ambayo ingelipa mkopo. Kwa benki mazingira ni hesabu. Ukiwaendea na maneno ya hesabu watakusikiliza, ukienda na mashairi watakupa chai.

Haya, kiutaratibu inafanyika vipi? Kuna kanuni zinaitwa Equator Principles, zilianza 2003, mabenki yaliyosaini yanakubali kwamba mradi mkubwa, kawaida unaoanzia dola milioni 10, haupewi mkopo mpaka upimwe na kuwekwa kundi: A ni wenye madhara makubwa yasiyorudi nyuma, B wa kati, C hauna shida sana. Ukiwa A unatakiwa tathmini kamili, mashauriano na wenyeji, njia ya wao kulalamika, na mtaalamu wa nje wa kukagua. Ni hiari lakini, na hiari ina mwisho wake, 2024 benki nne kubwa za Marekani zikiwemo JPMorgan Chase na Citi zilijitoa kwenye kundi hilo na dunia ikaendelea kuzunguka. Huku kwetu nguvu kubwa zaidi inatokea kwa mlango wa nyuma, yaani benki za Kenya nazo hukopa. Zinakopa kwa IFC, ambayo ni tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara binafsi, na kwa mashirika ya Ulaya, na ile pesa inakuja na masharti, ikiwemo orodha ya vitu ambavyo hairuhusiwi kukopesha. Kwenye orodha ya IFC kuna silaha, kuna kamari, kuna kukata msitu wa asili wa mvua kibiashara, na hii itawafurahisha wavuvi, kuna uvuvi wa nyavu za kuelea baharini zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 na nusu. Kwa hivyo afisa wa mikopo pale tawini anayekuuliza unavua na nini hakuulizi kwa umbea, ile fomu imetoka mbali.

Lakini fomu ni fomu. Kazi halisi iko kwenye masharti ya mkopo, na hapa nataka tuchukue mfano wa mawazo tu, mtu anataka loni ajenge hoteli kwenye mchanga wa Shela, bwawa la kuogelea na vyumba ishirini. Benki ya kawaida inaangalia hati ya kiwanja, mapato ya watalii, bima, basi. Benki yenye akili inauliza maji. Kwa sababu yale machuguu ya mchanga ya Shela si mapambo ya picha za harusi, ndo tangi letu, mvua inanyesha inapenya mchangani inakaa chini ikielea juu ya maji ya chumvi, na visima vya pale ndo vinavyonywesha mji wa Amu, yaani Lamu mjini. Ukijenga juu yake unaziba pale mvua inapopenyea, ukipampu kupita kiasi chumvi inapanda, ukiweka choo vibaya sote tunakunywa. Na siku chumvi ikipanda hoteli yenyewe itanunua maji ya boti kutoka bara kila siku, faida inaliwa, mkopo unayumba. Kwa hivyo benki inaweza kusema hatukopeshi hapo kabisa, au inasema tutakopesha usogee nje ya machuguu, uvune maji ya mvua kwenye jabia kama babu zetu walivyofanya, uweke mtambo wa kusafisha maji machafu, na pesa tunakupa kwa mafungu, fungu la pili halitoki mpaka tuone jabia kwa macho. Hicho kipengele cha mafungu ndo meno ya jambo zima. NEMA wakija kukagua unaweza kuwakwepa, ila mtu anayeshika pesa yako iliyobaki humkwepi.

Upande wa serikali, Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa hatari za hali ya hewa kwa mabenki Oktoba 2021, kwamba bodi ya wakurugenzi yenyewe ilisimamie, isiachiwe kijana wa mawasiliano. Aprili 2025 ikaongeza mambo mawili, mfumo wa kutangaza hizo hatari hadharani, na orodha rasmi ya kueleza shughuli gani inastahili kuitwa ya kijani, ili mtu asijiite tu. Kabla ya hapo chama cha mabenki kilikuwa na kanuni zake tangu 2015. Hatukuwa wa kwanza kabisa, Bangladesh, nchi yenye pwani inayozama kama yetu na watu wengi kutushinda, benki kuu yao ilitoa sera ya benki za kijani 2011 na baadaye ikawawekea mabenki kiwango cha asilimia 5 ya mikopo yote iende kwenye mambo ya kijani, matofali ya tanuri safi, sola, kusafisha maji ya viwanda vya nguo. Nigeria wakafuata na kanuni zao 2012. Ninachokipenda kwa Bangladesh ni kwamba waliweka namba. Sisi tunapenda sana neno mwongozo.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Haya yote yaliandikwa kwa ajili ya mradi mkubwa wenye mawakili, halafu yakishuka chini yanamkuta mvuvi wa Kizingitini. Mwenye boti ya faiba na mashine, samaki wake akifika sokoni nusu barafu imeyeyuka bei imeanguka, anataka friza ya sola ili aachane na jenereta ya dizeli. Huyu ni wa kijani kuliko hata wale wa kwenye ripoti. Anaingia benki anaambiwa lete hati ya shamba, hana, nusu ya Lamu hawana. Lete payslipu, atoe wapi. Halafu siku hizi inaongezwa ya juu: sehemu yenu iko hatarini, bahari inapanda, kwa hivyo riba itakuwa juu kidogo. Yaani yeye hakuchangia hata chembe ya moshi ule unaoyeyusha barafu za dunia, bado anatozwa kwa kuishi kisiwani. Huu mwongozo wa hatari ukisomwa na mtu mvivu unageuka sababu nzuri ya kutomkopesha mtu wa pwani, na hilo si wazo langu la kutisha watu tu, tushaona mfano wake kwenye jambo jengine, serikali ilipoweka kikomo cha riba 2016 mabenki yalikimbilia kununua bondi za serikali wakawaacha wateja wadogo mpaka kikomo kikaondolewa 2019. Benki ikipewa njia rahisi itaipita.

Na pesa za kijani zenyewe zikija zinapenda majengo. Bondi ya kwanza ya kijani ya kampuni hapa Kenya, ya Acorn mwaka 2019, shilingi bilioni 4.3, ilijenga hosteli za wanafunzi Nairobi, zinazotumia maji na stima kidogo, sawa, si vibaya hata kidogo. Benki ya KCB ikakubaliwa 2020 na mfuko wa kimataifa wa hali ya hewa kuwa mpitishaji wa pesa zake, benki ya kwanza Kenya. Ila friza ya sola ya Kizingitini bado haijaonekana kwenye mabilioni hayo, labda ni ndogo mno kuonekana.

Sheria ya kumsaidia ipo, tangu 2017 mali inayohamishika inaweza kusajiliwa kuwa dhamana, boti, mashine, friza, mifugo. Kisheria hata punda wa Amu anaweza kuandikwa, ingawa ningelipa kiingilio kumuona dalali wa benki anamkamata punda kwenye vichochoro vya Mkomani. Lakini maafisa wengi bado mkono unatafuta hati ya ardhi.

Halafu kuna jambo la riba, hatuwezi kulikwepa huku kwetu, watu wengi hawaweki mguu benki kwa sababu hiyo. Kwenye murabaha, mauziano ya Kiislamu yasiyo na riba, benki haikupi pesa mkononi, inanunua ile mashine yenyewe halafu inakuuzia kwa faida mliyokubaliana ulipe kidogo kidogo. Watu wanaiangalia kwa upande wa dini tu, lakini tazama upande huu pia: benki ambayo lazima ikinunue kitu lazima ijue kitu gani. Haiwezi kusema sisi tulitoa pesa tu, hatukujua ni mashine ya kupigia juya, ule wavu wa kukokota. Tayari mlango uko wazi wa kuuliza ni kitu safi au kichafu, na Malaysia 2017 na Indonesia 2018 wameshaupitia kwa sukuk za kijani, yaani bondi za Kiislamu, pesa halali zikajenga sola. Lakini tusijidanganye, murabaha peke yake haijui moshi, jenereta ya dizeli nayo ni halali kabisa, swali la mazingira lazima mtu aliweke.

Na anaweza kuliweka nani? Mwenye akaunti anaweza kuanza, muulize meneja mnakopesha sekta gani zaidi, mna orodha ya mnavyokataa, iko wapi niisome, na akikujibu kwa miche ya mikoko muulize tena. Mwenye hisa, hata chache, ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na siku hizi mikutano mingi iko onlaini huna haja ya kwenda Nairobi. Kwenye sacco ni rahisi zaidi maana ile ni yenu, mkitaka friza za sola ziwe na loni yake maalum mnapiga kura tu. Na kama mradi umeshaanza kuwaharibia na mkagundua nyuma yake kuna benki iliyokopa IFC, kuna ofisi inaitwa CAO, iko tangu 1999, inapokea malalamiko ya wenyeji hata pale pesa ilipopitia kwa benki ya katikati, na Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina ofisi yake ya namna hiyo. Huhitaji wakili. Barua ya CAO inaandikwa kwa lugha yoyote, Kiswahili wanapokea, na sioni kwa nini wasipokee Kiamu.